Misumari ya Dirisha ya Muzungu Mwenye Wivu

Lundi, tarehe 2 juin

Mimi Timothée, fundi mbao, miaka makumi tano na mbili, mutenda zambi. Naanza leo.

Ile azabu ya kuandika ni Papa Isaïe njo aliitoa. Papa Isaïe iko parrain yetu ya ndoa. Mwalimu ya zamani, pensionné. Alisimama pembeni yetu ku altare miaka makumi mbili imepita, na toka ile siku hajachoka kusimama pembeni yetu. Alisema: kila mara wivu inakuongelesha, andika kwanza. Andika yote. Kisha lala. Asubui ujiulize kama hamu ya kufanya ingali. Akanipa kayé ya kurasa mia moja. Nikamuuliza kama si mingi. Mama Berthe, bibi yake, akajibu toka jikoni: hakuna shida, papa, zikiisha tutakupa ingine.

Bon. Naungama.

Mwezi yenye ilipita nilimufwata bibi yangu Kanyere na toleka. Asubui muzima. Niliambia mwenye baiskeli apige pedale pole pole, nyuma yake, sawa batu hawajuane. Mbele ya deposi yake ya maharagi, pneu ya baiskeli ikapasuka. Paa! Batu yote bakageuka. Kanyere pia. Mwenye toleka, ile mupumbafu, akauliza kwa sauti ya juu: "Papa, tuendelee kumufwata na miguu?"

Toka siku ile, valise ya blue ya nguo za Kanyere iko nyuma ya mulango ya chumba. Imejaa. Imefungwa. Alisema hatapiga kelele tena, amezeeka. Jambo moja tena, moja tu, na valise inatoka. Anarudi kwao Butembo, mimi nabaki na mbao zangu. Kila mara nafungua mulango, inagonga ile valise. Tok. Asubui, tok. Kwenda kukojoa, tok. Naishi na ile sauti.

Leo hakuna wivu. Isipokuwa kidogo, ku saa kumi.

Mardi, tarehe 3 juin

Ile ya saa kumi: Eddy.

Kanyere anauzisha maharagi na vitunguu kwa jumla, mu Makiso. Ngambo ya barabara kuko pharmacie ya Eddy. Célibataire, hana bibi. Miaka makumi tatu na nane, meno yote mu kinywa. Dirisha ya pharmacie inaangalia deposi ya bibi yangu uso kwa uso. Mutu ya kuuzisha dawa anafanya nini na dirisha kubwa vile? Anangojea malaria ipite mu barabara aisalimie?

Na mbaya zaidi: bote babili bako mu club ya Kingereza, ku salle ya paroisse, pembeni ya kanisa, kila mardi na jeudi. Kanyere anajifunza juu ya kuongelesha wachuuzi ya Kampala. Eddy anajifunza juu ya nini? Nauliza tu. Naandika tu.

Mangaribi Kanyere akarudi na habari. Club inatayarisha teyatri ya samedi. Poème moja ya Mwingereza ya zamani, wakati malkia yao alikuwa anavaa nguo ya kufagia barabara. Mutu mumoja anasema peke yake toka mwanzo mpaka mwisho. Prof Hilaire, mwalimu yao, anaita ile monologue. Bwana tajiri ameita fundi mbao kwake apigilie dirisha ya chumba misumari. Juu ya nini? Juu bibi yake anakaa pale kuangalia barabara. Fundi anapiga misumari, bwana anasema. Anasema. Anasema tena. Bibi iko pale ku kiti. Hana neno ata moja.

Nikasema: hatimaye, poème yenye akili.

Kanyere akaniangalia sawa anaangalia gunia ya vitunguu yenye imeoza chini.

Yeye atacheza bibi. Nikauliza, sauti yangu baridi kabisa, nani atacheza bwana. Akasema Eddy. Rabot ya kulainisha mbao ikaruka mu mikono yangu ikaangukia kuku ya jirani. Kuku iko muzima. Naandika, Papa Isaïe! Unaona? Sijafanya kitu.

Kisha akasema kungali nafasi ya fundi. Fundi haongei, anapiga tu nyundo. Tena banahitaji mutu ya kujenga décor. Alitaja jina yangu yeye mwenyewe, Kanyere, mbele ya club yote. Nikakubali mbele hajamaliza kusema. Eddy ataongelesha bibi yangu maneno ya mapendo, na mimi nitakuwa metre mbili, na nyundo mu mukono. Mungu iko mukubwa.

Jeudi, tarehe 5 juin

Répétition ya teyatri. Kidole gumba yangu imekuwa sawa liboke ya samaki mu majani. Nitafika pale.

Prof Hilaire alianza na masomo. Mutu mufupi, miwani imefungwa na uzi. Akauliza: ile bwana anaogopa nini? Mama Josée, mwenye kuuzisha makayabu, samaki ya chumvi, akasema: anaogopa juu bibi iko na macho. Kicheko. Prof akauliza kama zamani kwa Bangereza mwanamuke alikuwa na ruksa ya kutoka. Mama Josée akasema aache zamani kwa Bangereza, aulize leo hapa kwetu mu Mangobo.

Mimi nikanyoosha mukono. Nikasema ile bwana hafanyi mubaya. Nyumba iko yake, dirisha yake, fundi amemulipa. Na anasema na adabu. Prof akauliza: na bibi, yeye anafikiri nini? Nikasema poème haisemi. Prof: njo vile! Kwa nini haisemi? Nikasema: juu hakuna mutu alimuuliza.

 Kisha makofi! Prof akanishika bega, akasema Papa Timothée amepita bote. Kanyere akaniangalia na macho sijaona toka mutoto wetu ya mwisho alibatizwa. Nikainamisha kichwa na unyenyekevu. Mpaka sasa sijui nilisema nini.

Kisha Prof akaeleza mwisho. Dirisha imefungwa, chumba ni giza. Bwana anasema: bon, mupenzi, sasa njoo karibu yangu. Hakuna jibu. Anaita tena. Hakuna. Kumbe alikuwa anaongelesha kiti! Wakati alikuwa anaonyesha fundi pa kupiga musumari ya mwisho, bibi alipita ku mulango akaenda zake.

Salle yote: aaah! Mimi pia: aaah! Lakini ya kwangu ilikuwa ya hasira ya kazi. Fundi gani ule? Unapigilia dirisha, unaacha mulango wazi? Ile ni kazi ya nusu. Kwangu kijana apprenti ya vile anarudi kwa mama yake.

Alors tukacheza. Eddy iko na sauti ya radio. Kila mara anafika ku neno ya mapendo, anaweka mukono ku kiti ya Kanyere. Ku kiti, ndiyo. Leo ni kiti. Nikapata mupango mudogo: kila neno tamu, musumari moja. Anafungua kinywa, mimi paa! "Mupenzi," paa! Prof akalomba pole pole. Nikasema misumari ya siku hizi ni migumu, ni ya Chine. Eddy akainua sauti. Nikainua nyundo. Eddy akainua tena. Nikainua tena. Niliangalia mukono yake pahali ya kuangalia musumari.

Ile kelele nilipiga haikuwa ya Kingereza.

Eddy akakimbia ku pharmacie, akarudi na dawa na bande. Bure. Akafunga kidole yangu. Kanyere akanishika mukono ili isitingishike. Donc bote babili, vichwa pamoja, mikono pamoja, juu ya mukono yangu mimi! Ni mimi niliwakutanisha. Na nikasema merci.

Vendredi, tarehe 6 juin

Nimejenga décor na kidole tisa. Ukuta ya mbao ya triplex, dirisha, mulango. Kazi safi. Mulango inafunguka bila sauti, sawa mulango ya askofu ku evêché.

Njo hapo wazo ikaingia.

Naandika kama nilivyoambiwa. Kesho, mbele ya batu mia tatu, Kanyere atasimama, ataacha bwana yake, atafungua mulango, atatoka. Na batu batamupigia makofi! Mutu anajifunza kutoka. Anajizoeza. Jeudi anatoka mu répétition, samedi anatoka na makofi. Kisha anarudi nyumbani, na valise iko tayari nyuma ya mulango. Nani atajizuia? Ata mimi ningetoka.

Ile poème ni hatari. Sijui kwa nini paroisse inakubali.

Na tuseme kweli: toka wakati ya ule malkia mpaka leo, ile bwana anaachwa. Kila mara banasoma, anaachwa. Mia na kitu ya miaka! Hakuna fundi ata mumoja alimuhurumia?

Misumari sita. Sentimetre kumi na mbili kila moja. Mulango haitatoka fasi yake ata na ng'ombe.

Lakini sitafanya. Azabu inasema: andika, lala, jiulize.

Samedi, tarehe 7 juin, asubui

Nimelala. Nimeamka. Nimejiuliza.

Hamu ingali.

Donc nimefwata sheria yote. Naenda na nyundo.

Samedi, tarehe 7 juin, mangaribi

Salle ilijaa. Batoto ku madirisha, bamasera ya kitawa mbele, Papa Isaïe na Mama Berthe safu ya pili na nguo ya ndoa. Kanyere alivaa liputa, kitenge ya manjano ya mama yake, ilifika chini kabisa, sawa ya malkia. Aliketi. Muzuri. Naandika ile pia, juu ni kweli: muzuri sana, na miaka makumi mbili sikumuangalia wakati amenyamaza, juu wakati amenyamaza mimi nakuwa naogopa ananyamazia nani.

Eddy akasema. Nikapiga misumari, moja moja, na heshima. Prof Hilaire akanitikisia kichwa. Bakazima taa kidogo kidogo. Musumari ya mwisho. Eddy akageuka kwa batu, mugongo ku kiti.

Kanyere akasimama. Akaenda ku mulango. Akasukuma.

Hakuna.

Akasukuma tena. Ukuta yote ikatingishika. Mu salle mutu mumoja akacheka, kisha kumi. Mama Josée akapiga kelele toka safu ya mbele: "Vuta, mama! Kwa bazungu banavuta!" Kanyere akavuta. Mwingine akajibu toka nyuma: "Vuta sukuma ni moja! Ile nyumba haijalipa maji, Regideso imeikata!" Eddy, masikini, hakuweza kugeuka, poème inamukataza. Akaendelea kuambia batu namna bibi yake anamupenda.

Kanyere akaangalia vichwa vya misumari. Mimi napiga mbili mbili, karibu karibu, tangu zamani. Vitanda yetu, meza yetu, vyote mbili mbili. Hakuwa na lazima ya kuuliza ni nani.

Akakuja kwangu. Pole pole. Akanyoosha mukono.

Nikamupa nyundo. Kwa nini nilimupa? Sijui. Mukono ilitoa yenyewe.

Akaenda ku dirisha. Akaweka nyundo chini ya musumari ya kwanza, akavuta, sawa vile nilimufundisha wakati tulianza atelier na hatukuwa na apprenti. Nyiii. Ya pili. Nyiii.  Mbao ya kwanza ikaanguka. Ya pili. Akanyanyua liputa ya mama yake, mguu moja, mguu ya pili. Akatoka. Nyundo alienda nayo.

Ile makofi! Bamasera bakasimama! Mu ile kelele yote Eddy akageuka, akanyoosha mikono: mupenzi, njoo karibu yangu. Pale mbele yake mutu alikuwa mumoja tu. Mimi. Na bande.

Batu bakalia na kicheko. Prof Hilaire alilia kweli, miwani mu mukono. Akasema miaka yote ya kufundisha, hakuna mutu aliwaza bibi atoke ku dirisha. Aliniita muumba. Sikungoja. Nikachukua pikipiki mpaka nyumbani, nikaingia, nikafungua mulango ya chumba.

Haikugonga kitu.

Dimanche, tarehe 8 juin

Pentecôte. Padre alihubiri juu ya luga za moto. Nilifikiri ya Kingereza iko ndani.

Kanyere iko kwa Papa Isaïe. Avion ya upande ya kwao ni mercredi. Nilienda kisha misa, na kayé chini ya kwapa. Papa Isaïe akavaa miwani, akasoma yote kwa sauti, sawa mitiani. Ku toleka, Mama Berthe alicheka jikoni. Ku kidole, alicheka. Ku sentimetre kumi na mbili, hakucheka tena. Papa Isaïe akafunga kayé, akasema: nilikuambia uandike ili usifanye, weye umegeuza kuwa devis, hesabu ya kazi.

Kumbe Kanyere alikuwa nyuma ya rideau, ile pazia ya mulango. Akatoka. Hakulia. Ningependa angelia.

Aliniuliza kama nafikiri ule fundi ya poème hakuona bibi akipita. Akasema: mulango iko pembeni yake, Timo. Aliona. Akaendelea kupiga misumari, nguvu zaidi, ili bwana asisikie viatu. Mu ile hadisi yote mwanaume muzuri ni mumoja, na ni ule haongei. Njo maana nililomba nafasi ile ikuwe yako.

Akarudi nyuma ya rideau.

Mama Berthe aliniletea pondu, majani ya muhogo. Nilisukuma sahani pembeni. Miaka makumi mbili natafuta ushahidi kama bibi yangu anafikiri juu ya mwanaume. Nimepata. Anafikiri juu ya mwanaume. Alimuchagulia ata nafasi ya muzuri. Na ile mwanaume akaipigilia misumari sita.

Mardi, tarehe 10 juin

Azabu ya pili ya Papa Isaïe: kwenda mu club, kungoa mulango mbele ya bote, kusema kwa nini.

Nikangoa. Misumari ilikuwa imeingia muzuri, ilikamata dakika makumi mbili.  Kanyere ku kiti ya nyuma, valise pembeni ya mguu. Prof Hilaire akauliza kwa upole: Papa Timothée, kwa nini ulifunga? Nilikuwa na jibu nane. Nilizitayarisha mu njia. Ikatoka ya tisa: niliogopa.

Prof akaandika ile neno ku tableau, akachora laini chini yake mara mbili. Akaambia club kama bwana ya poème anasema maneno mia nne kwa kuficha hii moja.

Kisha Eddy akanipa mukono. Akasema hana kinyongo. Akanionyesha foto ya fiancée yake, muchumba: iko Yangambi, mutafiti mu recherche ya muhogo, Eddy anamufwata kila dimanche ku mto na pirogue ya moteur. Mwanamuke muzuri, na muhogo mu mukono. Muhogo pia ilikuwa kubwa. Nikamupongeza kwa vyote viwili. Mateso yote ile, Kingereza yote, na roho yake iko kilometre makumi tisa mu mashamba!

Nikaona haya. Nikaona haya muzuri, ya kusafisha.

Mercredi, tarehe 11 juin

Saa ya avion ilipita. Nilihesabu dakika ku atelier, nikakata mbao moja fupi mara tatu.

Saa kumi na moja valise ikaingia, Kanyere nyuma yake.  Aliiweka fasi yake, nyuma ya mulango, imefungwa. Nikamuuliza kama hataifungua. Akasema ataona. Akarudisha nyundo yangu ku meza.

Nilitoka chumba, nikarudi. Tok. Nikatoka tena kwa bure tu, nikarudi. Tok. Kanyere akasema kutoka kitandani: Timo, ukifanya vile mara ingine naenda kweli. Nikalala. Sijasikia muziki muzuri vile.

Nimebadilika. Naandika na herufi kubwa: NIMEBADILIKA.

Vendredi, tarehe 13 juin

Kazi mupya! Na ya nani? Ya Eddy. Étagère ya kupanga dawa mu pharmacie, ukuta muzima. Juu ya urafiki. Mutu muzuri sana, ile Eddy. Niliambia Kanyere, akafurahi, akanipa maharagi ya kuongeza.

Nilienda kupima. Nikafika ku dirisha.

Toka pale mutu anaona deposi yote. Balance ya kupima kilo. Gunia. Kanyere ku kiti yake, liputa ya manjano. Alikuwa anacheka na chauffeur moja ya camion ya Beni. Nikainama kidogo kwa kuona muzuri. Kisha kidogo tena. Eddy akaniuliza naangalia nini.

Nikasema: muchwa.

Nikagonga mbao na kidole yenye bande, nikatikisa kichwa, sawa docteur. Nikamuambia ile dirisha imekulwa ndani, haionekani, ni muchwa ya siri. Inafaa ifungwe mbele mvua haijaanza. Nitafanya mwenyewe kesho. Bure kabisa, juu ya ile bande ya kidole. Eddy alikaribia kulia. Alinikumbatia.

Hakuna muchwa. Lakini nafikiria fiancée ya Yangambi. Masikini ya Mungu, kilometre makumi tisa, anavuna muhogo bila kujua bwana yake ameketi mbele ya dirisha ya namna ile. Ni yeye nasaidia. Ule fundi ya poème pia alisaidia mwanamuke bila kusema kitu. Sasa namuelewa kabisa.

Nimeandika. Nitalala. Asubui nitajiuliza. Misumari niko nayo, ni ile sita.

Na mulango ya Eddy nitaiacha wazi. Mutu anajifunza.